HiAce ya abiria kuwa gari ya kulala: kabla hujakata mbao, lala kwanza

Kuna mdogo wangu mmoja wa Ujiji kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha. Ana HiAce ya paa fupi iliyokuwa inapiga ruti Mwanga–Ujiji, biashara imechoka na yeye kachoka nayo. Sasa anataka aigeuze gari ya kulala, yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka mitano, wakitoka Kigoma kwenda Uvinza, kushuka Mpanda, au kwenda Tabora kwa wakwe wasiwe wanahangaika na gesti. Fundi wa mtaani kwao kamwambia wakate paa waliinue, humo ndani kiingie kitanda cha mninga futi tano kwa sita, makabati, sinki, inveta na tivii. Anauliza, "Shikamoo fundi, hela yenyewe ni ya kuungaunga, nianze na nini?"

Marahaba mdogo wangu. Anza kwa kulala.

Usicheke. Ng'oa siti zote za nyuma (makaratasi yake yaanze, ntafika huko), bakiza ile safu ya kwanza mgongoni kwa dereva (ntakwambia kwa nini), tandika godoro lenu la nyumbani chini, beba shuka na tochi, ulale humo usiku mmoja hapohapo uani. Kesho yake lala na shemeji. Keshokutwa na mtoto aingie. Hapo hujanunua hata msumari. Ikifika asubuhi ya tatu utakuwa unajua vitu ambavyo mimi siwezi kukwambia na huyo fundi wako havijui kabisa, mfano miguu yako inagota wapi, mbu wanapita dirisha lipi, mtoto akitaka kukojoa saa nane anamkanyaga nani, na kwamba gari ikiinama kidogo tu upande wa kichwa unaamka umevimba macho. Nimekuwa kwenye kazi za bodi miaka mingi, nilianzia Kigoma nikahamia Tabora, na magari ya namna hii niliyoyaona yameharibika sijaona lililoharibika kwa kukosa kabati, yote yaliharibika kwa sababu mtu alijenga kwanza ndo akaja kulala.

Sasa kabla ya hata hizo siku tatu kuna kitu kimoja cha kukagua. Inua lile kapeti la sakafu, lote, usiinue kona tu. Magari ya huku mwisho wa reli yanabeba kila kitu, abiria anapanda na ndoo ya migebuka, anapanda na dagaa, kuna gari zimewahi kubeba chumvi ya Uvinza kwenye buti mpaka mfuko ukapasuka, na maji ya chumvi yakishapenya chini ya kapeti yanakula bati taratibu na juu huoni kitu. Chukua bisibisi gongagonga sakafu nzima, hasa pembeni kwenye kizingiti cha mlango wa kuburuta, kwenye matao ya tairi za nyuma, na chini ya raba ya mlango wa nyuma. Bati zima linalia ting. Bovu linalia kama boksi. Palipooza pakatwe pachomelewe kipande kipya, pakwanguliwe, papigwe redioksaidi (ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) na rangi ndo ufunike. Ukifunika kutu kwa plaiwudi mpya umeipa kutu nyumba. Na kama ilibeba samaki, osha sakafu tupu kwa maji na sabuni mara mbili tatu, acha milango wazi juani siku nzima, maana harufu ya dagaa ikishaingia kwenye sponji ya dari ndugu yangu hiyo utalala nayo mpaka unauza gari.

Hilo la kukata paa, hapana. Naelewa kwa nini anakushawishi, paa fupi toka sakafuni mpaka darini unapata kama mita 1.3, husimami, unatembea kama kobe. Lakini HiAce haina chesisi ya kujitegemea kama lori ambapo bodi ni mzigo uliokalishwa juu, hapa bodi yenyewe ndo mfupa, na zile mbavu unazoziona zinakatiza darini zinashika kuta mbili zisipanuke. Ukizikata ukachomelea bati juu umepata gari inayopiga kelele kona zote, inavuja mvua ya kwanza ya Novemba, na siku ikibiringika Mungu apishe mbali. Wapo watu wanaofanya hiyo kazi vizuri, wanaweka fremu ya kurudisha nguvu kuzunguka ule mkato na juu wanakalisha paa lililotengenezwa kiwandani, ila hiyo bajeti yako ya kuungaunga haifiki huko na wala huihitaji. Humo unaingia kulala. Kusimama utasimama nje, na ule mlango wa nyuma wa HiAce unaofunguka kwenda juu tayari ni kibaraza cha bure, hapo ndo jikoni kwako.

Twende kitandani. Futi tano kwa sita sahau. Upana wa ndani ni kama mita moja na nusu tu na matao ya tairi yanakula humohumo, godoro la futi tano linajaa ukuta kwa ukuta halafu vitu vinakosa pa kukaa na hewa haizunguki. Chukua nne kwa sita, la inchi nne lakini zito, lile ukilibonyeza kwa ngumi halikuonyeshi sakafu. Lilaze kwa urefu wa gari, usilikatize, maana mtu mzima akilala kukatiza kwenye mita moja na nusu anakunja magoti usiku mzima. Kichwa kielekee mlango wa nyuma. Sababu yake ni injini, kwenye HiAce injini imekaa chini ya siti za mbele, ukitoka Tabora mpaka Uvinza siku nzima lile boksi linabaki na moto masaa kadhaa baada ya kuzima, sasa wewe uweke kichwa hapo ya nini.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni ndo hesabu ambayo watu wengi wanaikosea. Kaa chini kwenye kitu kigumu, pima toka makalioni mpaka utosini, watu wengi inakuja sentimita 85 mpaka 92. Sasa mita 1.3 ukitoa sentimita 30 za fremu na 10 za godoro unabaki na 90, yaani unakaa kitako unavaa shati bila kugonga dari, pembamba lakini inatosha. Fundi akikuinulia kitanda sentimita 50 ili "upate stoo kubwa chini" utapata stoo kubwa kweli ila utakuwa unavaa suruali umelala kama maiti. Sentimita 30 zinatosha dumu la lita 20 likilazwa, zinatosha mabegi na jeki na boksi la vyombo.

Mninga. Najua, mtu wa Tabora na Kigoma kumwambia kitanda kisiwe cha mninga ni kama umemtukana babu yake. Ni mbao nzuri, haiogopi mchwa, inang'aa. Lakini ni nzito, na kila kilo unayoweka unaibeba kwa mafuta yako na kwa springi zako. Tumia fremu ya skwea paipu ya inchi moja, ile nyepesi, juu ukalaze plaiwudi ya mm 12 iliyokatwa vipande vitatu ili ukitaka kitu chini uinue kipande kimoja usiamshe nyumba nzima, na uitoboe matundu ya inchi moja kila baada ya kiganja ili godoro lipumue, la sivyo ukiinua baada ya mwezi unakuta ukungu mweusi. Mninga chukua kaubao kamoja ka pembeni kwa ajili ya roho yako. Na MDF usiiingize kabisa, shiti moja ya futi nne kwa nane ya mm 18 inakaribia kilo 40 wakati plaiwudi ya mm 12 ni kama kilo 20, halafu MDF ikila unyevu wa ziwa inavimba kama andazi na skrubu zinang'oka zenyewe kwenye rasta za barabara.

Kufunga hiyo fremu tumia matundu ya bolti za siti ulizong'oa. Yapo tayari, yametengenezwa kushika watu. Hapa nina aibu yangu mwenyewe ya kukuhadithia, zamani nilikuwa na haraka nikashusha drili sakafuni bila kulala chini ya gari kuangalia, nikashtukia harufu ya dizeli, nimepasua tenki. Bahati ilikuwa dizeli. Chini huko kuna tenki, kuna paipu za breki, kuna paipu za eesii ya nyuma kama gari lako inayo. Kama lazima utoboe tundu jipya, mtu mmoja alale chini na tochi kwanza, weka kizuizi kwenye drili isizame, na tundu likishatoka lipake rangi na silikoni ndo bolti ipite.

Ile safu ya siti niliyokwambia ubakize, ni ya mtoto. Toka mlango wa nyuma mpaka mgongo wa dereva una kama mita tatu, kitanda kinakula mita 1.83, inabaki mita moja na ushee, siti inaingia na miguu inaingia. Gari ikitembea mtoto anakaa hapo na mkanda, hakai kitandani. Najua tunavyosafiri, mtoto analala nyuma mmemtandikia, mnaona raha, lakini ukifunga breki ya ghafla kwa ng'ombe anayekatiza kule Kaliua, mtoto aliyelala kitandani anarushwa kama embe. Usiku siti hiyohiyo ukiziba ile nafasi ya miguu kwa boksi na mto, mtoto wa miaka mitano analala vizuri tu.

Sasa tufike penye gari lenyewe, ni hewa. Ukiniambia kutu umeshaimaliza na una hela ya kitu kimoja tu ntakwambia weka kwenye hewa. HiAce ya abiria ina vioo pande zote, mchana ni tanuri. Watu wakiona kwenye simu wazungu wanabandika masponji na mapamba kwenye kuta wanadhani na sisi tunahitaji hivyohivyo, lakini mwenzio kule anakimbia baridi la theluji, wewe hapo Kigoma pembeni ya ziwa unakimbia joto na unyevu. Sponji ya kawaida ukiijaza ukutani inakunywa jasho la watu wanaolala, maana pumzi zenu zikikutana na bati lililopoa usiku zinageuka matone, yanashuka nyuma ya sponji, na ile kutu uliyoifukuza mwanzo inarudi kwa mlango wa uani. Kwa hiyo kuta ziache. Fanya dari tu, tena kwa foili inayong'aa, uiache na kanafasi kadogo ka hewa kati yake na bati ndo plaiwudi nyembamba ya mm 3 au 4 ishike chini. Foili ikigusana na bati moja kwa moja haifanyi kazi, inapitisha joto kama bati lenyewe. Kwenye vioo kata maboksi au foili nene kwa umbo la kila kioo, unachomeka mchana mkipaki, unatoa mkiondoka. Hiyo kazi unafanya mwenyewe jioni mbili na mkasi.

Hewa lazima iwe na pa kuingia na pa kutokea. Dirisha la kuburuta upande mmoja wazi, la upande wa pili wazi, mshazari, yaani la mbele kushoto na la nyuma kulia. Na hapo ndo mbu wanaingia, na Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi, hakuna mzaha na mtoto humo. Nunua neti ya mita (ile chandarua uliyopewa kliniki iache kitandani nyumbani, usiikate), shona pindo nene, humo ndani ya pindo pachika sumaku ndogondogo, neti inajishika yenyewe kwenye bati la fremu kwa nje na dirisha linabaki linaburutika. Mlango wa nyuma pia ushonee neti kubwa ya kushuka mpaka kwenye bampa. Juu ya dirisha weka kakofia ka plastiki ili mvua ikinyesha uache kioo wazi inchi mbili bila maji kuingia, mvua ya usiku ndo inayowafanya watu wafunge vioo vyote na kuamka vichwa vinauma.

Ukienda Tabora mambo yanageuka. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200, na Juni na Julai usiku kule baridi inakukuta na kashuka kako ka Ujiji unatetemeka. Jibu lake ni blanketi zito, siyo kuziba gari. Oktoba kabla ya mvua ni kinyume chake, mchana usipaki juani kabisa. Na ukikatiza yale mapori ya miombo kuelekea Katavi kuna mbung'o, hawa wanafuata gari linalotembea, wanauma mpaka juu ya nguo, na rangi zinazowavuta zaidi ni bluu na nyeusi. Kwa hiyo shemeji akichagua kitenge cha mapazia mwambie aache ule wa bluu iliyoiva, achukue rangi ya udongo au krimu. Wapo watakaokucheka, waache.

Mapishi. Sikiliza hapa vizuri kuliko sehemu nyingine zote. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa "limeshawaka vizuri halina moshi", hata kwa dakika kumi za kupasha joto, hata kukiwa na baridi ya Julai. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, unasikia usingizi mtamu tu, na gari ni boksi dogo kuliko chumba chochote ulichowahi kulala. Dirisha lililo wazi nusu halikuokoi. Jiko hata likizimwa likawekwa ndani bado linatoa, kwa hiyo usiku linalala nje, likiibiwa liibiwe. Mimi niliwahi kuponea hapo, nilipasha miguu na kajiko safari moja ya baridi, nikaamka saa tisa kwa sababu ya mkojo tu, kichwa kinagonga kama ngoma na miguu hainibebi, ikabidi nitambae mpaka mlangoni. Ingekuwa sikunywa chai jioni ile nisingekuwa naandika hapa.

Gesi ni nafuu ila nayo ina adabu zake. Mtungi wa kilo 6 na kichomeo juu yake unakutosha safari ndefu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka sakafuni inajikusanya inakusubiri uwashe swichi. Kwa hiyo mtungi ukae nyuma kabisa kwenye kaboksi kake karibu na mlango, kaboksi kawe na tundu sakafuni linalotoka nje moja kwa moja (mbali na ekzosi), ufungwe mkanda usicheze, na koki ifungwe kila gari likiwa linatembea. Pikia nje chini ya ule mlango ulioinuka. Ukikaanga migebuka kwa mawese humo ndani mara moja, hiyo ndo pafyumu yako ya mwaka mzima.

Umeme. Fundi anakwambia inveta na tivii, mi nakuuliza unatazama nini kule Mishamo? Tupige hesabu ya unachohitaji kweli. Taa mbili za LED za wati 5 kwa masaa manne ni wati-saa 40. Feni ndogo ya volti 12 ya wati 20 usiku kucha masaa nane ni 160. Simu mbili ni kama 30. Jumla 230 kwa siku, gawa kwa 12 unapata kama ampia-saa 19. Betri ya sola ya ampia-saa 100 ya risasi unatakiwa utumie nusu yake tu, yaani 50, ukiishusha zaidi kila siku inakufa mapema, kwa hiyo hapo una siku mbili na nusu hata jua lisipotoka. Paneli moja ya wati 100 juu ya paa kwa jua letu, hata ukikata hasara, inakupa zaidi ya wati-saa 300 kwa siku nzuri, inarudisha ulichotumia na chenji. Basi. Hakuna inveta hapo, simu inachajiwa volti 12 moja kwa moja. Friji ndogo ya kompresa ukiiongeza yenyewe peke yake inakula wati-saa 400 hadi 600 kwa siku, hapo lazima mfumo wote uuzidishe mara mbili na zaidi, nunua samaki siku ya kuwala.

Betri hiyo iwe ya kwake, isiwe ileile ya kuwashia gari, la sivyo mtaamka Nguruka mnasukuma. Ukitaka altaneta ichaji zote mbili weka rilei inayounganisha gari likiwaka na kutenganisha likizima. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sentimita 20 tu kutoka kwenye kichwa cha chanya, siyo mwisho wa waya, maana fyuzi inalinda waya na waya usiolindwa ndo unaochoma gari. Waya uwe wa nyuzi nyingi, ule mgumu wa kuvuta nyumbani unakatika ndani kwa mtikisiko, na popote unapopita kwenye tundu la bati weka raba. Betri ya maji inatoa hewa inayolipuka ikichajiwa, usiilaze chini ya kichwa chako kwenye kitanda, chukua iliyozibwa au uiwekee paipu ya kupumulia nje.

Maji usijisumbue na pampu na sinki. Dumu mbili za lita 20, moja ya kunywa moja ya kuoshea, na ndoo ya bomba juu ya kameza ka nyuma. Lita moja ni kilo moja kumbuka, mtu anayefunga tenki la lita 150 kwenye keria juu ya paa sijui anawaza nini, kwenye kona gari inayumba kama mlevi. Vizito vyote viwe chini, katikati ya tairi za mbele na za nyuma, na upande wa kulia ulingane na kushoto. Gari hii ilibeba abiria kumi na wanne na mizigo yao, karibu tani moja, kwa hiyo haitalia kwa uzito wenu, tatizo ni uzito unaokaa pasipotakiwa.

Vumbi nalo. Gari likikimbia nyuma yake hewa inavutwa kurudi kwenye mlango wa nyuma, na moshi wa ekzosi unakuja humohumo. Kwa hiyo njia ya vumbi usifungue kioo cha nyuma hata kama joto limewazidi, badili raba ya mlango wa nyuma kama imekauka, fungua hewa ya mbele na feni ya dashibodi iwe kali ili ndani kuwe na msukumo wa kwenda nje. Godoro lifunike na turubai. Bado mtakula vumbi, ila kidogo.

Makaratasi fanya kabla hujang'oa siti, siyo baada. Gari lako lina namba nyeupe na leseni ya LATRA ya kubeba abiria, sasa linakuwa la binafsi, nenda TRA ubadilishe matumizi upate namba ya njano na kadi ya gari isome kilichopo, idadi ya siti ikiwemo. Bima waambie pia kwamba humo kuna kitanda na mtungi wa gesi. Trafiki akifungua mlango akakuta kitanda kwenye gari ambayo kwenye kadi ni basi la abiria kumi na wanne, mazungumzo yatakuwa marefu.

Pa kulala: kijijini mtafute mwenyekiti au balozi kabla giza halijaingia, msalimie, mwambie sisi ni wasafiri tunapaki hapa mpaka asubuhi, mara nyingi atakuonyesha mahali pazuri kuliko ulipopachagua na pengine utaletewa mahindi ya kuchoma. Vinginevyo sheli yenye mlinzi, ukiomba. Tabora uangalie juu kabla ya kuzima injini, watu wanatundika mizinga ya nyuki kwenye miti porini, na mwezi wa kumi na mbili usipaki chini ya mwembe, embe moja kwenye bati saa saba za usiku mtoto ataamka analia na hatalala tena. Gombe usiiweke kwenye orodha ya kulala na gari, hakuna barabara inayofika, gari unaliacha mjini unapanda boti Kibirizi.

Hela yako basi ipange hivi: kutu kwanza, pili neti na foili, tatu tairi na breki, maana gari ya ruti inaishia hapo, nne fremu na godoro, tano paneli na betri, na hata hiyo ya tano inaweza kusubiri mwaka mzima mkitumia taa ya kuchaji. Makabati utayajua yenyewe, baada ya safari mbili utakuwa umeona begi la nani linaanguka wapi.

Na zile siti ulizong'oa usimuuzie fundi, najua ameshaziulizia. Zifunge nailoni, ziweke stoo pamoja na bolti zake kwenye kopo, kila bolti na nati yake. Fremu yako imekaa kwenye matundu yaleyale, siku ukitaka kubeba wageni wa harusi kutoka Kasulu unatoa bolti nane unarudisha siti mchana mmoja. Uje unambie baada ya usiku wa tatu, hasa ule wa mtoto.